Homa ya Mwokaji

Jumapili, 5 Oktoba. Riyadh

Ukumbi namba nne tena. Kazi ileile: kusimama chini ya skrini, mgongo kwa picha, uso kwa watu, nikitafuta simu zinazorekodi. Nadhani ni mimi peke yangu mji huu ninayeingia sinema mara nne kwa siku na nisione kitu.

Naona nyuso. Filamu naitazama huko. Mtu akipigwa risasi nyuma yangu, mabega mia yanaruka mbele yangu. Watu wakikaribia kubusiana, akina mama wanatafuta kitu kwenye mkoba. Hawakipati. Busu nalo halifiki.

Wiki hii ni filamu ya fundi cherehani na mwokaji mikate. Kijiji cha milimani, theluji, wanaume wawili wazima, nyumba zimepakana. Mwokaji hana koti. Fundi anamshonea. Basi. Ndiyo hadithi nzima. Watu wanakuja kwa sababu ilisifiwa mahali fulani, na kwa sababu kiyoyozi chetu ni kizuri.

Kuna mahali imekatwa. Najua bila kugeuka. Sauti inaruka kama mtu aliyekanyaga shimo, na nyuso zote zinapepesa macho kwa pamoja. Fundi alikuwa anatoa utepe wa kupimia. Ghafla koti limekwisha na mwokaji analia. Watu wanatazamana: kulikoni? Kisha wanarudi kwenye bisi zao.

Leo mmoja hakupepesa. Mzee wa kanzu nyeupe, kiti cha pembeni, peke yake. Alianza kulia kabla mwokaji hajalia. Alilia palepale palipokatwa.

Nilipaswa kumulika tochi safu ile. Sikumulika.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimegeuka. Miaka miwili kazini, mara ya kwanza.

Muda mfupi tu. Fundi alikuwa amesimama mlangoni akimtazama mwokaji akipangusa unga mikononi. Kutazama tu, hakuna zaidi. Nikarudi kwa watu wangu masikio yakiwaka. Naujua mtazamo ule. Nimeuficha tangu darasa la saba.

Nimeandika sentensi hiyo halafu nikakaa naitazama. Siifuti.

Jumatano, 8 Oktoba

Niliifuta. Kalamu ya kampuni, hata kufuta haiwezi, bado inasomeka.

Tunahamishiwa Jeddah, walinzi wanne. Hatukuulizwa. "Yalla, Jeddah," mudiri, msimamizi wetu, alisema, kama anayetutuma dukani kuleta chumvi.

Alhamisi, 16 Oktoba. Jeddah

Mtaa wa Al-Mahjar. Safari ya basi mchana kutwa. Riyadh ilinikausha, Jeddah inanichemsha.

Chumba ni cha watu wanne. Mkubwa wetu ni Mzee Wafula wa Bungoma, dereva wa basi la wafanyakazi. Ijumaa asubuhi anaongoza ibada, ibada ya kunong'ona. Tunamsifu Mungu kama watu waliomwibia kuku. Sammy wa Nakuru ni mlinzi kama mimi, mdomo usio na breki. Baraka wa Kilifi anabeba mizigo kwenye maduka ya Balad, mji wa kale. Mabega mapana, sauti ndogo. Anakunja nguo zake kwa pembe nne kama anazirudisha dukani.

Sammy alinitambua kabla sijaweka begi chini. "Wee! Huyu si yule Dijei wa kibandani? Buda, mimi nimelelewa na sauti yako!"

Ni kweli, nilikuwa Dijei wa filamu. Miaka sita, kibanda cha mabati, Nakuru. Filamu ni ya Kichina au ya Kizungu; mimi nimekaa pembeni na maikrofoni, nashusha sauti yao, napandisha yangu. Kila shujaa nilimpa kijiji, deni la mahari na shemeji mkorofi. Sikusomea mahali. Kiingereza nilikiokota kwenye maandishi ya chini ya picha, ndiyo maana mpaka leo naweza kutishia kuua mtu lakini siwezi kuuliza njia.

Wameniomba nisimulie. Nimekubali haraka mno. Nilikuwa nimeikosa sauti yangu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Jun, Mfilipino wa kibanda cha bisi kazini, alinipa flashi. Fundi na mwokaji, filamu nzima. Nzima kabisa, alisema.

Tulianza baada ya chakula cha mchana. Wanaume kumi na mmoja, vyumba vya jirani pia, wengine wamekaa juu ya mitungi ya maji. Nilikuwa moto. Fundi nilimfanya Mluhya, Mzee Wafula akapiga paja kwa furaha. Mwokaji nikamfanya Mkamba. Mbuzi aliyepita nyuma nikampa cheo serikalini.

Kisha utepe wa kupimia ukatoka, na sauti haikuruka.

Sikuwa nimewahi kuiona sehemu hiyo. Fundi anapitisha utepe kifuani pa mwokaji. Anausoma. Haondoi mikono. Mwokaji anainamisha kichwa, anakilaza kwenye bega la fundi. Wanakaa hivyo. Hakuna muziki, hakuna busu, hakuna nguo iliyovuliwa. Kichwa kwenye bega, dakika mbili. Hicho ndicho kilichokatwa.

Wanaume kumi na mmoja walikuwa wananisubiri. Dijei hanyamazi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Jamani, mwokaji ana homa! Anaungua! Fundi, kimbia, leta dawa! Daktari yuko likizo, mganga amekwama kwenye theluji!"

Chumba kilipasuka. Sammy alianguka kutoka kwenye mtungi. Dakika mbili nzima niliimwaga homa ile, malaria ya milimani, mbu aliyevaa sweta. Sijachekesha vile tangu Nakuru.

Baraka hakucheka. Alikuwa anaitazama runinga kama mtu anayesoma barua. Kisha akanitazama mimi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Najichukia leo. Naandika tu ijulikane.

Wale wa mkasi angalau waliajiriwa wakate. Mimi nilikata kwa mdomo, bure, na makofi juu. Wala si mara ya kwanza. Miaka sita kibandani, kila wanaume wawili waliposogeleana kwenye picha niliwafanya ndugu waliopoteana utotoni. Hakuna mtu Kenya nzima aliyekutanisha ndugu waliopoteana kama mimi.

Asubuhi, kwenye kamba ya nguo juu ya dari, Baraka aliniuliza.

"Kaka, yule kweli alikuwa na homa?"

"Homa," nikasema. "Ya milimani."

Aliitikia kwa kichwa. Akaanua shati lake likiwa bado bichi, akalikunja pembe nne, akashuka.

Jumatano, 29 Oktoba

Homa imekuwa neno la nyumba.

Sammy ndiye aliyelipatia mtu wa kulivaa. Baraka hana picha ya msichana kwenye simu. Hapigi soga za wanawake. Anaoga akiimba. Ushahidi umetosha. "Baraka, homa imepanda? Lete paji nikupime." Leo kwenye foleni ya maji watatu walimpima, mmoja baada ya mwingine, kwa mgongo wa mkono, kama wauguzi. Wa vyumba vingine wameshika. Wengine hata filamu hawakuiona.

Yeye anasimama tu. Anangoja wamalize.

Neno ni langu. Nimelisikia mara tisa leo.

Jumapili, 2 Novemba

Baraka alirudi kutoka Balad akakuta utepe wa kupimia umetandikwa juu ya mto wake. Aliuliza ni wa nani. Walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Aliukunja vizuri, akauweka dirishani.

Baadaye Mzee Wafula aliniita ngazini. Anataka kumweleza mudiri.

"Sina ubaya na kijana," alisema. "Lakini moto ukishika chumba hauchagui kitanda. Wakija kuuliza, wataniuliza mimi niliyelala naye chumba kimoja."

Mudiri akisikia, kafili, mdhamini wetu, atasikia. Ikama, kibali cha kukaa, inafutwa. Kurudishwa nyumbani ndiyo bahati nzuri. Kuna mabaya kuliko hilo, tunayajua wote, hatuyataji. Baraka ana mama Kilifi anayeamini mwanawe ni karani.

Nilimwomba angoje. Akasema atangoja Ijumaa ipite, aone kama utani utakwisha. Halafu akaniuliza: "Wewe uliyezoea mambo ya watu kwenye picha. Unaonaje huyu kijana?"

"Sijui, Mzee."

Petro alikana mara tatu. Mimi niko mbili, na jogoo hata hajaamka.

Sammy anataka filamu ileile irudiwe Ijumaa. Mgonjwa akae mbele.

Alhamisi, 6 Novemba

Zamu yangu ni ya jioni. Mchana huu niko juu ya dari, kivuli cha tangi la maji. Nimejaribu kuandika nitakachosema kesho. Sijawahi kuandika kabla ya kusimulia. Kila nikianza, anayetokea ni N.

N. alikuwa fundi wa baiskeli, jirani na kibanda chetu Nakuru. Jumapili moja watu waliondoka, nikazima runinga, akabaki. Tulikaa kwenye benchi bega kwa bega. Robo saa. Mikono yake ilinuka grisi. Kisha nikashika paji la uso wangu, nikasema nahisi homa, nikatoka. Nilimkwepa mwaka mzima. Akahama.

Kwa hiyo homa ile haikutoka hewani. Nilikuwa nayo tayari mfukoni.

Napenda wanaume. Nina miaka thelathini na nne na sijawahi kuliandika. Limeandikwa. Dari haijabomoka. Huko chini mtu anakaanga vitunguu.

Simpendi Baraka kwa namna hiyo. Ningempenda ningeandika, maana leo nimefungua.

Naogopa kesho. Nikisema homa, Baraka kwisha. Nikisema ukweli, pengine kwisha wawili. Hesabu ya kijinga. Mlinzi mwenye akili angesema homa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nitaandika ilivyokuwa.

Walikuja wengi, mpaka nje kwenye korido. Baraka walimsukuma kwenye mkeka wa mbele. "Pisha, pisha, mgonjwa apite!" Mzee Wafula alisimama mlangoni, mikono kifuani, kama hakimu.

Nilisimulia kawaida. Mluhya, Mkamba, mbuzi na cheo chake. Walicheka mahali pa kucheka. Utepe ulipotoka wakaanza kuhesabu kwa sauti, tatu, mbili, moja, wakinisubiri.

Nilisema hivi, na sauti haikuwa ya Dijei, ilikuwa hii yangu ya kila siku:

"Huyu hana homa. Ile mara ya kwanza niliwadanganya, niliona aibu. Huyu amefika miaka arobaini na watu hawajamgusa ila kwa kumsukuma. Fundi anajua. Ndiyo maana anapima polepole. Wanapendana, hawa wawili. Basi."

Kisha nikanyamaza, nikaiacha picha ijiendeshe. Ilibaki kama dakika moja. Kiyoyozi kikidondosha maji. Ile dakika ilikuwa ndefu kuliko njia ya Riyadh.

"Dijei, acha mchezo bana," Sammy akasema. "Weka homa."

"Mafi homa, hakuna," nikamwambia. "Halas, imekwisha."

Mtu alisonya. Mmoja wa chumba cha pili akainuka, akachukua ndala zake, akatoka. Wengine wakamfuata, hawakimbii, wanatoka tu kama kwenye matanga ya mtu wasiyemjua. Mzee Wafula akapita katikati yao, akazima runinga. Fundi na mwokaji wakazimika hapo, filamu ikiwa imebaki theluthi.

"Leo imetosha," alisema.

Baraka alikuwa bado mkekani, amenipa mgongo. Sikuuona uso wake. Mimi mtu wa nyuso.

Nilichomoa flashi, nikaitia mfukoni. Niseme kweli, sikujisikia shujaa.

Jumamosi, 8 Novemba

Hakuna anayenisemesha. Baraka wamemwacha, hakuna aliyempima paji leo. Wamepata mwingine wa kutazama. Mimi hawanipimi. Wanapisha tu. Sahani yangu nimeikuta imewekwa peke yake dirishani, karibu na ule utepe.

Kazini nilisimama getini kwa muda wa saa nane nikirarua tiketi. Kila aliyenitazama nilidhani anajua. Wanajua nini? Walitaka kujua choo kiko wapi.

Jumanne, 11 Novemba

Saa nne asubuhi gari la mudiri lilisimama chini. Nililiona nikiwa juu ya dari.

Nilishuka mbio. Nikatia mashati mawili kwenye begi, chaja, picha ya mama. Daftari hili nikalisokomeza kiunoni. Pasipoti hawajawahi kunirudishia, kwa hiyo sijui nilikuwa nakimbilia wapi. Nikakaa kitandani na begi mapajani, kama mgeni anayesubiri chai.

Akapanda, Mzee Wafula nyuma yake. Akaingia. Akanitazama, akalitazama begi. Akanyoosha kidole juu ya kichwa changu.

Kiyoyozi. Maji yanamdondokea mpangaji wa chini, amelalamika. Akakigonga mara mbili kwa kalamu, akasema fundi atakuja bukra, yaani kesho, akaondoka zake.

Nikayatoa mashati kwenye begi, moja moja.

Mzee Wafula alibaki mlangoni. Hakukaa.

"Sikumwambia," alisema. "Wala habari za yule, wala zako. Nina watoto wanne. Mimi sitaki kujua kitu. Kwa hiyo usinifanye nijue."

"Sawa, Mzee."

Sijui kama ni huruma au ni woga. Pengine na yeye hajui. Nimeipokea vivyo hivyo.

Jumatano, 12 Novemba

Nimegeuza daftari, nimeanza upande wa nyuma. Filamu. Yangu, haina Mchina wala theluji. Kuna benchi, kuna fundi wa baiskeli, kuna mtu hatoki. Kurasa tatu kufikia sasa. Wanaongea kidogo sana. Nimegundua nikiwaacha wanyamaze ndipo nawasikia.

Hakuna ndugu waliopoteana. Nimeapa.

Alhamisi, 13 Novemba

Baraka amehama. Amepata nafasi kwa wabeba mizigo wenzake, Balad, chumba cha juu ya ghala la vitambaa. Hakufukuzwa. Amechoka, ndivyo alivyomwambia Mzee Wafula, na Mzee hakuuliza amechoka nini.

Nilimbebea begi moja mpaka kwenye teksi. Nikiri: nilitaka anishukuru. Nilikuwa nimeshaandaa na jibu la unyenyekevu.

"Uliujua ukweli ile siku ya kwanza," alisema.

"Niliujua."

"Wiki mbili, kaka. Wiki mbili watu wamenishika paji la uso. Nilikuwa naamka nalisugua kwa sabuni."

Dereva alipiga honi. Baraka akaingia, akavuta mlango, kisha akashusha kioo nusu.

"Lakini ya pili ulisimulia vizuri."

Teksi ikaenda. Namba yake ninayo. Sijui kama nina haki ya kuipiga.

Ya pili vizuri. Sifa ya kwanza niliyowahi kupewa kwa kusema kilichopo. Inauma kuliko matusi.

Ijumaa, 14 Novemba

Ibada ya kunong'ona asubuhi. Nilikaa nyuma. Mzee Wafula alinipa kitabu cha nyimbo bila kunitazama, ukurasa ameshaufungua.

Mchana wote walienda chumba cha pili kutazama mpira. Zamu ya vyombo ilikuwa yangu na Sammy. Yeye anasugua, mimi nasuuza. Tangu Ijumaa ile hajaniambia neno, na Sammy kukaa kimya wiki nzima ni jambo la kupelekwa hospitali.

Tulifika kwenye sufuria ya ugali.

"Yule fundi," akasema, macho kwenye sufuria. "Mwisho wake nini? Mzee alizima."

Nilikausha mikono. Nikamwambia ilivyo, sikuongeza kitu. Theluji inayeyuka. Kaka zake fundi wanakuja kumchukua akafanye kazi mjini. Mwokaji anamsindikiza stesheni amevaa koti zito, jua kali, jasho linamtiririka, halivui. Treni inaondoka. Anarudi nyumbani, anawasha tanuri.

"Hamfuati?"

"Hamfuati."

"Hata barua?"

"Hawaonyeshi."

"Mjinga," Sammy akasema. "Mimi ningepanda treni."

Akarudi kusugua. Sufuria ilikuwa imetakata kitambo. Nilisimama na maji yangu ya kusuuza, nikangoja.